Maneno Aliyoambiwa Ng'ombe

Jina lake sitaliandika. Nalijua tangu siku niliyoolewa, na leo hakuna wa kunikataza, lakini kila nikijaribu kalamu inagoma, na mimi nimeshazeeka, sina nguvu ya kugombana na kalamu. Mwezi uliopita nilikuwa ofisini kwangu Iringa nikiwapangia wageni safari ya siku tatu, wifi yangu Subilaga akanipigia simu kutoka Nkunga. Akasema, "Atupele, tata ametutoka." Tata kwetu ni baba. Hakusema tata wa nani, na sikuuliza. Niliiweka simu mezani nikaendelea kuandika majina ya wageni kana kwamba nimeambiwa kuwa mvua inanyesha Tukuyu, mpaka nilipoona nimeandika jina moja mara tatu. Mzee yule alikuwa baba mkwe wangu. Tulikaa ua mmoja mwaka mzima, nikampikia asubuhi na jioni, na sura yake sikuwahi kuiona. Kazi hii ninayoifanya, ya kuwapeleka watu kutazama maziwa na maporomoko, ni yeye aliyenifundisha, na hatukuwahi kusemeshana hata neno moja.

Kwa asiyetoka kwetu inabidi nieleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hatamki jina lake, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Mimi nilipoolewa wengi walikwisha kuiacha mila hiyo. Pale mjini Tukuyu wakwe walikuwa wanawamiminia chai baba wakwe zao na kucheka nao. Lakini mzee wangu alikuwa mtu wa msimamo. Alikuwa mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele, na mchungaji alipomwambia kwamba Injili imetuweka huru, alijibu kwamba Injili imemweka huru na dhambi, haijamweka huru na heshima. Mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijafika, na Subilaga alikwisha kuolewa ua mwingine. Mume wangu, Gwamaka, alikaa nami miezi minne, kisha akavuka Tunduma kwenda Kitwe, Zambia, kuuza mitumba, maana ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa na kila kijana mwenye miguu alikuwa mfanyabiashara. Tukabaki wawili kwenye ua ule, watu wawili tusioruhusiwa kuonana.

Nyumba yangu ilikuwa upande wa juu, yake upande wa chini, na katikati banda la ng'ombe lenye ukuta wa udongo uliofika kifuani. Chumba changu kilikuwa na kitanda, sanduku la bati na dirisha moja lililotazama migomba. Mvua ya Tukuyu mnaijua, haina adabu. Ikinyesha juu ya bati hata mawazo yako mwenyewe huyasikii. Nikishapika ndizi na maharage, nilikuwa naweka sahani yake kwenye kigoda chini ya upenu, nafunika, naingia ndani. Yeye anakohoa mara moja. Kikohozi kile kilikuwa hodi yake, maana yake "nakuja, jifiche." Kisha nasikia kigoda kinasogea, kijiko kinagonga bati. Mimi nilikuwa nala wakati huohuo upande wa pili wa ukuta, polepole, ili tumalize pamoja. Sikumwambia mtu jambo hilo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sauti ya kijiko cha mzee ndiyo ilikuwa wenzangu wote mezani.

Aliyenitoa pale ni Mama Lusajo, mjane mnene, muuguzi mstaafu, aliyefungua nyumba ya wageni mjini. Alikuwa amenunua Land Rover kuukuu kwenye mnada wa shirika la umma lililofungwa, akajifundisha kuiendesha mwenyewe, na alikuwa anaipigia honi hata kuku aliye mbali. Aliamini kwamba kwa kuwa sukari imerudi madukani na mipaka imefunguka, wazungu nao watakuja. Alinikuta kanisani akanishika mkono. "We umemaliza kidato cha nne, Kiingereza unacho. Utawapeleka wageni wangu Ngosi, Daraja la Mungu, hadi Matema ziwani. Mbombo ngafu, kazi ni ngumu, mwanangu, lakini kukaa na migomba ni ngumu zaidi." Nikakubali kabla hajamaliza, kisha njiani kurudi nikakumbuka kwamba huko kote anakokutaja sijawahi kufika. Tuliozaliwa karibu na vitu hivyo ndivyo tulivyo: mtu wa Uholanzi anapanda ndege kuja kutazama ziwa ambalo wewe hupeleki hata mbuzi.

Jioni ile nilikuwa bandani nafagia. Palikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye doa kwenye paji, anaitwa Tulia. Kwa hofu tu nikamwambia, "Tulia, kesho kutwa nawapeleka watu Ngosi na njia siijui. Nitaaibika." Nyuma ya ukuta nikasikia kikohozi. Nilishtuka, nikatupa ufagio, nikakimbilia ndani. Baadaye mzee akaja kukamua, maana kukamua kwetu ni kazi ya wanaume, na mimi nikiwa jikoni nikasikia anaongea. Hakuwa na desturi ya kuongea na ng'ombe. "Tulia," alisema kwa Kinyakyusa, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto katekisimu, "kwenda Ngosi unaanza mapema kabla ukungu haujashuka. Msituni kuna mahali pa mianzi, njia inagawanyika. Ya kushoto ni ya wakata kuni, usiifuate. Shika ya kulia. Mbele kuna mlima mkali, hapo mgeni atasema amechoka; mwambie kumebaki kidogo, hata kama si kidogo. Ukifika juu usiseme neno. Ziwa litasema lenyewe." Nilishika mwiko hewani mpaka maziwa yalipokwisha kwenye chuchu. Kesho kutwa yake nilishika ya kulia pale kwenye mianzi, nikamwambia mgeni kumebaki kidogo, na tulipofika ukingoni, ziwa likiwa chini kabisa la kijani, nikanyamaza. Mgeni akalia. Mama Lusajo akasema mimi nimezaliwa na kazi hii.

Ndivyo mwaka ule ulivyokwenda. Nikipangiwa safari namwambia Tulia wakati wa kufagia, na mzee anamjibu Tulia wakati wa kukamua. Daraja la Mungu: simama upande wa juu, jiwe la chini lina ukungu, linateleza. Maporomoko ya Kaporogwe: nyuma ya maji kuna pango, lakini usiingie na mtu mwenye hofu. Ziwa Masoko: waambie habari ya Wajerumani, watu hupenda habari za Wajerumani. Alikuwa amepita kote huko ujanani, akibeba kahawa, akibeba mchele, akinunua vyungu, na kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka saba kwenye migodi ya kusini. Nilimsikiliza kiasi kwamba nilikuwa namnukuu neno kwa neno, na siku moja nikawaambia Waholanzi wawili, mtu na mkewe, kwa Kiingereza changu cha shule, "Sasa, wewe ng'ombe, angalia mguu wako." Nilitamani ardhi inimeze.

Waholanzi haohao ndio walioshuhudia kituko chetu. Nilikuwa nawapitisha njia ya mkato karibu na Nkunga, kahawa huku na huku, nikaona mbele yangu koti la kijivu na viatu vyeusi vya kanisani vilivyopigwa kiraka pembeni. Viatu vile nilikuwa navijua, viliachwa uani kila Jumamosi kukauka. Sikufikiri. Nilijitupa kwenye mikahawa, nikachuchumaa na kanga kichwani. Yeye naye, nilivyosikia, aligeukia ukuta wa udongo wa kando ya njia, akasimama uso kwenye udongo. Wageni wakabaki katikati na kamera zao, hawajui nani kamwona nyoka. Yule mama akauliza kwa sauti ndogo, "Ni adui yako?" Nikajibu kutoka kwenye majani kwamba ni baba mkwe wangu na ninamheshimu sana. Mzee akakohoa, nikafumba macho, nikasikia viatu vinapita. Jioni alimwambia Tulia, "Leo nimekutana na wazungu wawili. Walinisalimia 'Ugonile.' Mwalimu wao anafundisha vizuri." Nilicheka peke yangu jikoni hadi nikalia, na kilio hakikuwa cha kicheko.

Lakini safari iliyonibadilisha ilikuwa ya Matema. Tulikuwa tunashuka na Mama Lusajo na honi yake, sweta zikivuliwa moja baada ya nyingine, migomba na chai ikibaki juu, mpaka tunafika Kyela kwenye joto, mchele na kakao iliyoanikwa juu ya majamvi. Ipinda tunakunywa soda ya moto. Baada ya hapo barabara ni tope hadi Matema, milima ya Ukinga ikisimama ndani ya maji upande mmoja, na ufuko wa mchanga ukienda upande mwingine mpaka macho yachoke. Jumamosi wageni niliwapeleka soko la Lyulilo, ambako akina mama wa Kikisi wanaleta vyungu vyao kwa mitumbwi, vimepangwa kwa majani ya migomba visigongane. Mchana tulikula wali na samaki aina ya mbasa wa kukaanga kwa mama mmoja aliyekuwa na meza moja na viti vinne. Wageni walipokwenda kuogelea mimi nilibaki nikitazama mabegi. Niseme ukweli, ufuko ni mahali pabaya kwa mtu mpweke. Kila mtu pale yuko na mtu.

Kabla ya safari yangu ya kwanza ya Matema, mzee alimweleza Tulia kwa muda mrefu kuliko siku zote. Alimaliza kukamua, na bado akawa anaongea. "Ukipita nyumba za wavuvi, endelea. Mtoni, karibu na pale maji yanapoingia ziwani, kuna ulimi wa mchanga. Kulia ziwa, kushoto kinamasi. Ni mwembamba, ukilala kichwa kiko ziwani, miguu iko kwenye matete. Mimi niliporudi kutoka migodini nilishuka mtumbwini pale. Nilikuwa sijatuma barua miaka saba. Nikaogopa kupanda nyumbani. Nikakaa siku tatu juu ya mchanga ule, nakula dagaa wa kupewa. Mtu akiwa na neno zito hulipeleka pale, Tulia. Hapana mtu wa kumsikia, na hapana ukuta." Kisha akakohoa, akaondoka na ndoo.

Barua ilikuja miezi miwili baadaye. Mchungaji alinipa Jumatatu, barua za Nkunga zilipitia sanduku la kanisa. Ilikuwa ya Gwamaka, ukurasa mmoja. Alikuwa ameoa Kitwe, mwanamke ana mimba ya miezi mitano, hatarudi. Aliandika kwamba yeye hanifungi, niamue mwenyewe, na akamalizia kwa kuuliza kama paa la jikoni limezibwa. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi za kanisa. Niliporudi nikaziba paa la jikoni. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, ila lilikuwa linavuja kweli.

Wiki ileile tulikuwa na wageni wa Matema. Nikawaacha wakiogelea, Mama Lusajo amelala chini ya kivuli na kitambaa usoni, nikatembea hadi ulimi wa mchanga. Ulikuwa kama alivyosema, ziwa linapumua kulia, kinamasi kimenyamaza kushoto, nami katikati. Nilivua viatu. Nikaisoma barua kwa sauti kubwa mara mbili, neno la paa nalo nikalisoma. Nilitaka kujua nitasemaje kwa mzee, maana ilinibidi kusema. Mwanawe pekee wa kiume alikuwa ameondoka kama yeye alivyoondoka, ila huyu hakuwa amekaa kwenye mchanga wowote akiogopa kurudi. Nikajipanga: Jumatano, wakati wa kufagia, nitamwambia Tulia. Ni maneno manne tu. Gwamaka ameoa. Hatarudi tena.

Jumatano nilifagia banda na sikusema. Jioni mzee akaja kukamua. Akaanza kukamua, kisha akasema, "Tulia, watu wanasema imefika barua kutoka Zambia. Mimi sijui kusoma. Wewe hujasikia mtoto wangu anasemaje?" Maziwa yakaacha kulia kwenye ndoo. Alikuwa anangoja. Mimi nilikuwa jikoni, hatua tatu kutoka kwake, ukuta katikati, barua iko kwenye blauzi yangu, na mdomo wangu ukakataa. Alhamisi akauliza tena kwa maneno yaleyale. Ijumaa akauliza. Jumamosi hakuuliza, alimwambia Tulia kwamba njia ya Kaporogwe imebomoka, wapite kwa juu.

Nimejidanganya miaka mingi kwamba nilinyamaza kwa kumhurumia mzee. Si kweli, nilijihurumia mimi. Ningesema, kaka zangu wangekuja kunichukua, maana mwanamke aliyeachwa hakai kwa baba mkwe asiyemwona. Ningepoteza safari za Mama Lusajo, chumba chenye dirisha la migomba, na zaidi ya vyote sauti ile ya jioni. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ananiambia ninapokanyaga kesho pakoje. Basi nikamwacha mzee wa watu amngoje mwanawe, ili mimi nisikose wa kunifundisha njia. Kila jioni nikisikia kijiko chake nilikuwa najiona mwizi.

Sikuweza kuvumilia. Mgeni mmoja aliniambia kuna watu Iringa wanatafuta mtembezaji, nami kabla mwaka haujaisha nikafunga sanduku. Nikamwambia Tulia, "Kesho naenda Iringa. Nimepata kazi." Basi. Barua sikuitaja. Jioni mzee alikamua kwa muda mrefu. "Tulia," alisema, "Makambako kuna upepo, mtu avae sweta mbili. Na mtu akiondoka hapa asifikiri mlango unafungwa. Huu ua hauna mlango." Akakohoa. Asubuhi niliondoka yeye akiwa bado ndani, kwa makusudi, nadhani, ili niweze kupita uani bila kujificha.

Sikurudi zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa namtumia Subilaga sukari, mablanketi, mara moja viatu vyeusi, lakini mwenyewe sikurudi, maana ningewezaje kuingia kwenye ua ule na lile neno bado liko mdomoni? Nilijua anangoja. Nikiwa Ruaha au Mikumi na wageni, saa ya kukamua ikifika, nilikuwa namwona (sura sikuwa nayo, niliona koti tu) akiinama chini ya ng'ombe, akiuliza.

Nilifika Nkunga siku ya maziko. Watu hawakujua waniketishe wapi, mimi ni mkwe au si mkwe, mpaka Subilaga akanivuta jikoni. Amekuwa bibi, ameota kitambi, lakini mikono yake ni ileile ya haraka. Tulikuwa tunamenya ndizi. Nikamwambia yote, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuyabeba: barua, mchanga, jioni tatu alizouliza. Subilaga akaacha kisu.

"Kwani wewe hukujua?" akasema. "Zilikuwa barua mbili ndani ya bahasha moja. Mchungaji alimsomea tata ile yake Jumapili. Wewe alikupa yako Jumatatu."

"Alijua?"

"Kabla yako."

"Sasa kwa nini alimuuliza ng'ombe?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akaniambia, 'Namfungulia njia ya kusema. Akisema, amechoka, tutamsindikiza kwao kwa heshima. Akinyamaza, basi bado anataka kukaa. Mwacheni akae.'" Subilaga akaokota kisu chake. "Tulikatazwa sote kulitaja jambo hilo mbele yako. Wewe tu ndiye ulikuwa unamficha. Ndaga, dada. Pole."

Wakati wa kuaga mwili, mchungaji, kijana mdogo, aliniona nimesimama nyuma. Akanijia akaninong'oneza, "Mama, mila ile imekwisha. Njoo umwone." Nikaingia kwenye mstari. Nilifika kwenye jeneza, na watu walikuwa wanatazama kama nitatazama. Nilivuta kanga kichwani, nikainamisha macho, nikapita. Niliona ukingo wa shuka na kidole kimoja. Yeye aligeuza uso kwenye udongo kwa ajili yangu mbele ya Waholanzi. Mimi ni nani nimvizie akiwa hawezi kugeuka?

Walipokwenda makaburini nilikwenda nao, na walipokaa kula nikaondoka kimya nikaenda bandani. Ukuta ni uleule, umepigwa udongo upya. Ndani palikuwa na mtamba mwekundu nisiyemjua jina, akanitazama huku akitafuna. Nikashika ufagio, nikafagia kidogo, ili iwe kama zamani.

"Tulia," nikamwambia. "Barua ilifika. Gwamaka ameoa. Hatarudi. Na paa la jikoni nililiziba."

Nikangoja. Upande wa pili wa ukuta hakuna aliyekohoa.